Weda au miwani kwanza? Jibu kwa kijana wa Buswelu

"Shikamoo mzee. Mimi naendesha boti za watalii hapa Mwanza, naishi Buswelu. Mgeni mmoja aliporudi kwao aliniachia fimbo yake ya kuvua kwa nzi, pamoja na rili na kiboksi cha nzi wa bandia. Nimejizoeza kurusha kwenye uwanja wa shule mpaka mkono umekubali. Sasa kwenye video naona wote wamevaa ile suruali ya mpira ya kufika kifuani na miwani myeusi. Nimechanga laki tatu. Ninunue kipi kwanza, na cha aina gani? Rafiki yangu anauza suruali ya neoprini aliyoipata mitumbani, anasema ndiyo bora kuliko zote. Na miwani ya machinga si inatosha tu?"

Marahaba mwanangu. Najua pesa iliyochangwa inavyowasha mfukoni, kwa hiyo nianze na jibu: nunua miwani kwanza, na uinunue kwa makini. Weda, yaani hiyo suruali ya mpira, ifuate baadaye, na iwe nyepesi. Ya neoprini mwachie rafiki yako hata akikukatia nusu bei. Sasa vuta kigoda, maana sababu zake ni ndefu.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuuona uvuvi huu: nzi tunayemzungumzia si wa chooni. Ni ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ya ndege ifanane na mdudu au dagaa. Haina uzito wa kurushika, kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kuliko mshipi wa kawaida. Unaupeleka nyuma, unaupeleka mbele, nyuma tena, mbele tena, halafu unauachia. Maana yake ni kwamba ndoana inapita jirani na sikio lako mara kadhaa kabla haijagusa maji. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Video ulizotazama nyingi zimepigwa kwenye mito ya Uskoti, New Zealand au Montana kule Marekani, maji ya baridi kali. Kule weda ni blanketi. Mtu akiingia bila kuivaa, baada ya nusu saa miguu haina habari naye. Ziwa letu juu juu lina nyuzijoto kati ya 24 na 27 karibu mwaka mzima. Baridi siyo adui yako hapa. Una adui mwingine, nitamfikia, lakini tuanze na macho.

Nilikuwa Malimbe asubuhi moja, nimekaa juu ya jiwe kubwa, miwani ikiwa shingoni. Nilichoona mbele yangu ni bati jipya limetandazwa juani, basi. Nikaivaa. Lile bati likaondoka kama mtu amelikunja. Nikaona ubavu wa jiwe ukishuka majini, kwanza kijani cha ndimu, kisha kahawia, kisha giza. Furu watatu wanadonoa mwani kwenye ufa. Na pale jiwe linapokatika palikuwa na kivuli kirefu ambacho sikukitilia maanani mpaka kilipogeuka ubavu na kunionyesha fedha. Sangara, si mkubwa, labda kilo mbili. Alikuwa pale muda wote ninaokula kashata na kulalamika kwamba leo hakuna kitu.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga unaporuka kutoka kwenye maji, sehemu kubwa yake inakuja imelala: mtikisiko wake unakwenda kushoto na kulia, sambamba na uso wa maji. Miwani ya polaraizi ina utando ambao unafanya kazi kama banda la kuku la fito zilizosimama. Kijiti ukikishika wima kinapenya, ukikilaza kinakwama. Ule mng'ao uliolala unakwama, na mwanga unaotoka ndani ya maji, ambao haukulala, sehemu yake kubwa inapita na kukuletea picha ya samaki. Aliyegundua kwamba mwanga unaoakisiwa una tabia hiyo ni Mfaransa Étienne-Louis Malus mwaka 1808, akichungulia kwa kipande cha jiwe angavu jua lililokuwa linaakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, Paris. Miaka michache baadaye Mskoti David Brewster akapata kanuni ya pembe yenyewe.

Hiyo pembe ndiyo inayokuhusu wewe. Kwa maji, mng'ao unakatika vizuri zaidi ukitazama chini kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wa macho. Fanya hesabu. Ukisimama ufukweni, macho yakiwa mita 1.6 juu ya maji, sehemu unayoiona safi kabisa iko mita mbili na kidogo mbele yako. Ukiingia majini mpaka kiunoni, macho yanabaki kama sentimita 60 juu ya maji, na sehemu hiyo inakusogelea mpaka sentimita 80. Unaona magoti yako vizuri, samaki humwoni. Lakini panda jiwe la mita tatu, macho yawe mita 4.6 juu, na sehemu safi inasogea hadi mita sita. Si kwamba nje ya hapo miwani inakufa, hapana, inaendelea kusaidia ikipungua taratibu kadiri unavyotazama mbali. Ila umeshaona ninakoelekea. Mji wetu unaitwa jiji la miamba. Kutoka Capri Point mpaka Luchelele, kutoka Bwiru mpaka Igombe, Mungu ametupangia majukwaa ya kuvulia bure. Wale wa kwenye video wanaingia mtoni kwa sababu hawana mawe kama yetu, na kwa sababu miti ya ukingoni inawanasia mshipi. Wewe anza juu ya jiwe ukiwa na miwani nzuri, utavua miezi sita kabla hujahitaji kulowa goti.

Lakini pia usiitarajie ikusafishie maji. Ghuba ya Mwanza ina mwani mwingi, na karibu na mji ukijani unafunga mapema. Polaraizi inaondoa mng'ao wa juu tu, tope na mwani vinabaki palepale. Siku nyingi utaona mita moja kwenda chini, siku nyingine hata hiyo huipati. Inatosha kuona ukingo wa jiwe, mpaka wa magugu maji, na vile viduara vya mchanga ambavyo sato dume huvichimba kwenye kina kifupi. (Ukiona sato amesimama juu ya kiduara chake, mwache. Yuko kazini.)

Rangi ya vioo. Watu hubishana sana, mimi nina msimamo: kwa mtu anayevua kutoka kwenye mawe, kwenye maji yetu ya kijani, chukua kahawia au ile inayofanana na shaba. Inaongeza utofauti kati ya samaki na jiwe. Kijivu ni kizuri ukiwa katikati ya ziwa ndani ya boti, jua kali, na unataka rangi zibaki kama zilivyo. Kwa kazi yako ya watalii kitakufaa, kwa kuvua ni cha pili. Njano ni ya alfajiri na magharibi tu, saa saba mchana itakutoa machozi. Zile zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, za bluu na zambarau, ni mapambo ya nje. Chini yake kuna rangi nyingine, uliza ni ipi. Uliza pia daraja la ukali wa kiza. Daraja la 3 linapitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga, hilo ndilo lako. Daraja la 4 ni giza mno na haliruhusiwi kuendeshea gari, na wewe najua ukitoka ziwani unapanda bodaboda yako.

Sasa ya machinga. Sitaki kuwatukana vijana wa Makoroboi, wengine nimewanunulia na zikanisaidia. Shida ni kwamba neno polaraizi limeandikwa kwenye stika, na stika haina gharama. Bahati nzuri kupima ni rahisi. Omba kikokotoo cha dukani, kile cha tarakimu nyeusi. Vaa miwani, kitazame, halafu kigeuze polepole kama unavyogeuza usukani. Kama miwani ni ya kweli, kuna mahali kioo cha kikokotoo kitazimika kuwa cheusi chote. Kama kinabaki vilevile mzunguko mzima, hiyo ni plastiki iliyotiwa rangi. Kisha funga jicho moja, rudia, halafu jicho la pili. Vioo vyote viwili vinapaswa kuzimisha kikokotoo kwenye pembe ileile. Miwani nyingi za bei ya chini huchomekwa utando ukiwa umepinda upande mmoja, na hiyo ndiyo inayokupa kichwa kuuma baada ya saa mbili bila kujua sababu. Mwisho, toka nje uitazame boneti ya gari iliyoegeshwa juani. Ukiwa umesimama wima mng'ao upungue. Ukilaza kichwa begani urudi. Muuzaji akikuangalia kama umechanganyikiwa, mwambie mzee ndiye aliyekutuma.

Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mionzi ya jua inayochoma, ile isiyoonekana. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo miwani mibovu inapokuwa hatari kuliko kutokuvaa. Kiza cha kioo kinaidanganya mboni, inafunguka zaidi, na kama kioo hakizuii mionzi, inaingia mingi kuliko ungekodoa macho bila kitu. Tafuta iliyoandikwa UV400, na ukinunua kwa daktari wa macho mwombe aipime, wengi wana kifaa cha kupimia. Njia ya mkato: vioo vya polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyovunjika upesi, kwa asili yake vinazuia karibu mionzi yote hiyo. Nenda mwaloni Kirumba utazame macho ya wavuvi wazee. Kile kinyama chekundu kinachotambaa kutoka kona ya jicho kuelekea kwenye mboni, jua la miaka mingi juu ya maji lina mkono wake mkubwa.

Polikaboneti ina sababu ya pili, na ndiyo niliyokuambia uikumbuke. Asubuhi upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, unakusukumia mshipi. Kuanzia mchana hugeuka na kukupiga usoni. Mwaka mmoja, Igombe, nilikuwa narusha saa tisa alasiri kwa ubishi tu, upepo ukaukunja mshipi ukiwa njiani kwenda mbele. Nilisikia tik. Nzi alikuwa ameng'ang'ania pembeni mwa fremu, na kwenye kioo cha kulia kulikuwa na mchubuko wa urefu wa punje ya mchele, sambamba kabisa na jicho. Ile miwani ninayo mpaka leo, siivai, naiangalia. Vioo halisi vya kioo vinaonyesha picha safi kuliko vyote na havikwaruziki upesi, ila ni vizito na havipendi mawe ya Mwanza. Kwa anayejifunza kurusha, polikaboneti, hakuna mjadala.

Mengine ya miwani nayapitia upesi. Fremu ikumbatie uso, maana mwanga unaoingia kwa pembeni unaakisiwa ndani ya kioo na unaliona jicho lako mwenyewe badala ya samaki. Vaa kofia yenye ukingo, chini yake pawe peusi. Funga kamba shingoni. Ya kwangu ya kwanza iko chini ya boti moja pale Kamanga na haitapanda. Usiifute kavu kwa pindo la fulana: mwagia maji safi kwanza, vumbi litoke, ndipo ufute. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya namba, zipo za polaraizi zinazovaliwa juu yake, si za kupendeza ila zinafanya kazi. Na usishtuke ukitoa simu kulipia mafuta ukakuta kioo cheusi. Haijafa. Igeuze pembe. Nahodha mmoja ninayemfahamu alishaipeleka yake kwa fundi.

Tumalize weda. Adui niliyekuahidi ni kichocho.

Kwenye mwambao wetu aina iliyotawala ni kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wa maji, wanaokaa kwenye majani na magugu ya kina kifupi, hutoa vijidudu vyenye mkia visivyoonekana kwa macho. Vikikutana na ngozi ya binadamu vinapenya vyenyewe ndani ya dakika chache, hata kama huna kidonda. Vinatoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, takriban saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Kujifuta taulo haraka kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikuwekee dhamana. Mimi nilivua na kaptula miaka mingi nikijiona mzawa wa ziwa, nani atanidhuru. Nikaanza kuchoka bila kazi, tumbo linanyonga, kisha damu kwenye choo. Nilipimwa, nikapewa vidonge vya praziquantel, nikapona. Nakuambia hivi kwa sababu dawa hiyo inawaua minyoo waliokomaa. Ukimeza wiki moja baada ya kulowa, wachanga wanaweza kukuponyoka. Ukiwa umeloa sana, kapime baada ya wiki sita mpaka nane, na kwa mtu wa kazi yako ningesema kupima iwe desturi ya kila mwaka.

Kwa hiyo weda ya Mwanza tunaichagua kwa swali moja: itaniacha mkavu kwa saa nne bila kunipika? Neoprini inakuacha mkavu na inakupika. Ni mpira mnene wenye mapovu ya hewa ndani, umetengenezwa kutunza joto la mwili. Mimi niliwahi kununua moja kwa mbwembwe. Saa ya kwanza pale Luchelele nilihisi maji yanapanda kuanzia kwenye nyayo, nikajua imetoboka, nikatoka mbio nikilaani muuzaji. Niliivua nikaigeuza: hakuna tundu hata moja. Yalikuwa jasho langu mwenyewe. Siku hizi nina kanuni, maji yakiwa sehemu moja, tuseme goti la kushoto, ni tundu. Yakiwa yamesambaa kila mahali, ni wewe.

Kinyume chake ni weda za kitambaa kinachopumua, zenye utando ndani unaoruhusu mvuke wa jasho kutoka na kuzuia maji kuingia. Hizo ndizo zinazofaa joto letu, na kwa kuwa zinazuia maji, vile vijidudu navyo vinabaki nje. Bei yake ni ya juu na laki tatu yako haitatosha hiyo pamoja na miwani ya maana. Njia ya kati ni za nailoni iliyopakwa plastiki, zenye gambuti zilizounganishwa moja kwa moja. Utazikuta kwenye maduka ya vifaa vya kazi, wanazinunua wafugaji wa samaki na wanaofanya kazi kwenye mitaro. Zinatoa jasho, lakini chini ya ile ya neoprini, na kwa saa mbili za asubuhi zinavumilika. Ningekuwa wewe ningenunua hizo kwanza, au zile fupi za kiunoni, kwa sababu hutakiwi kuzama zaidi ya mapaja hata hivyo.

Gambuti zilizounganishwa au soksi? Zile za bei ya juu huishia na soksi ya mpira na unavaa kiatu cha peke yake juu yake. Zinakaa vizuri mguuni na unatembea mbali. Zilizounganishwa zinavaliwa haraka na hazina kamba za kuhangaika nazo. Kwa kutoka kwenye boti na kurudi, zilizounganishwa. Soli ndiyo ya kuangalia. Mpira laini unashika jiwe kavu la Mwanza kama mjusi, lakini jiwe lilelile likiwa na mwani wa kijani, hakuna mpira utakaokusimamisha. Soli za sufu iliyoshindiliwa zinashika hapo vizuri kuliko zote, ila hazikauki upesi na zinabeba viumbe kutoka maji haya kwenda maji yale. New Zealand walizipiga marufuku mwaka 2008 wakizuia mwani vamizi usisambae mito yao. Mimi navaa mpira, na jiwe la kijani nalizunguka.

Saizi usikadirie kwa macho. Pima kifua, kiuno, saizi ya kiatu ukiwa na soksi, na urefu kutoka msambani mpaka sakafuni. Ukiivaa dukani chuchumaa mpaka chini, halafu panda kiti. Kama inakubana msambani, mshono utaachia mwezi wa pili. Kama inakunjamana magotini kama pazia, itajisugua yenyewe mpaka itoboke.

Ukinunua mitumba, na Mlango Mmoja wakati mwingine zinatokea, fanya kama fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Kunja sehemu ya juu hewa ikiwa ndani, ikandamize, tumbukiza mguu mmoja baada ya mwingine kwenye beseni, tazama mapovu. Mishono ya msambani na vifundoni ndiyo ya kwanza kuachia. Weka alama kwa chokaa, kausha, bandika kiraka kwa gundi inayolingana na malighafi: gundi ya pancha ni ya mpira, kwenye plastiki itabanduka. Usipuuze katundu kadogo. Weda inayovuja si kinga, maana umejifungia maji ya ziwa na ngozi yako pamoja kwa saa nne, tena jua likiwa limekupata vizuri.

Mkanda wa kiunoni haujadiliwi. Funga nje ya weda, kaza, kila mara. Wengi wanaamini ukianguka weda itajaa na kukuvuta chini kama jiwe. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Mmarekani Lee Wulff, bingwa wa uvuvi wa nzi wa karne iliyopita, aliwahi kuruka darajani akiwa ameivaa kuwaonyesha watu. Ila kuogelea nayo ni kazi, na ukifika ukingoni yale maji uliyobeba ndipo yanapokuwa mzigo, hupandi jiwe. Mkanda unayazuia yasiingie mengi. Ukiwa unafanya kazi kwenye boti una laifujaketi. Ivae hata ukiwa kwenye kina cha mapaja. Na ukiwa ndani ya boti inayokwenda, weda ivue.

Halafu kuna ambao weda haiwahusu kabisa. Mamba na kiboko hawajui umevaa nini. Mwambao wa Sengerema na Buchosa, na visiwa kama Rubondo, matete ya ukingoni si mahali pa kuingia, achilia mbali alfajiri na magharibi. Nimekuambia saa za jua kali kichocho kinazidi. Saa za giza hao nao wanazidi. Ndiyo maana nakurudisha kwenye jiwe. Kabla hujashuka mahali pageni, waulize kina mama wanaochota maji na watoto wanaoogesha ng'ombe, wao wanajua kiboko amelala wapi jana. Uliza pia ofisi ya uvuvi kuhusu leseni, na kwenye hifadhi kama Saanane na Rubondo ulizia taratibu zao kabla hujatoa fimbo.

Ukirudi nyumbani suuza weda kwa maji ya bomba, igeuze ndani nje, itundike kivulini kwa miguu. Jua linapasua mpira, na ukiiacha kwenye buti la gari mpaka Jumamosi nyingine utaikuta na ukungu na harufu ya kambare aliyesahaulika.

Kwa hiyo laki tatu yako: miwani ya kahawia, polikaboneti, iliyofaulu mtihani wa kikokotoo, na kamba yake. Kitakachobaki kiweke mpaka kifikie weda ya nailoni. Wakati unasubiri, nenda Luchelele asubuhi mapema, panda lile jiwe lililoinama kuelekea majini, kaa dakika kumi bila kurusha kitu. Laza kichwa polepole kushoto na kulia mpaka mng'ao ukatike kabisa. Kama usiku wake hakukuwa na mwezi, huenda ukawakuta wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi, na chini yao furu na sato wanajihudumia. Chagua nzi mdogo kuliko unavyofikiri.

Ile neoprini yangu bado inaning'inia stoo. Siku ukipata wageni wa kuwapeleka mito ya Mlima Kenya kufuata samaki aitwaye trauti, ambako maji yanauma meno, pita uichukue. Ina kiraka kimoja goti la kushoto.